Koti la Lukole

Jamani, mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, kabla sijaanza, kwa sababu nikifika katikati nikasikia mtu anacheka nitanyanyuka niondoke. Aibu niliyoipata mimi Evarist, mtoto wa Mabawe, mbele ya padri wa watu na mkuu wa mji wa watu, mgongo wazi, nimewahi kumsimulia mke wangu peke yake, na yeye alicheka mpaka akapaliwa na uji, halafu nilipofikia mwisho akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa dereva wa boza la maji. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza, kupeleka kambini Lukole, kugeuza, kujaza tena, na barabara inapita kwetu, yaani kwetu kabisa, mlangoni. Sasa niambieni, uko juu ya gari limejaa maji mpaka linacheua, na kando ya barabara unamkuta mama yako mzazi na ndoo kichwani anapanda kutoka bondeni na maji ya matope, kwa sababu chemchemi yetu ya juu ilikauka tangu mlima uliponyolewa miti (msiniulize na nani, watu wanapika, hakuna anayekula mahindi mabichi). Kusimama nimkingie ndoo siruhusiwi, ningefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Basi nampigia honi, anapisha, namtimulia vumbi, jioni nakula ugali wake.

Mkuu wetu wa maji alikuwa mama mmoja wa Kitaliano, Marta, mtu mzuri tu, mkali wa mafuta, Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Kwao ni mji mdogo karibu na bahari ya Mediterania, na parokia yao ndiyo iliyokuwa ikikusanya nguo na dawa za kuleta Lukole. Siku moja akaniambia watu wa kwao wanataka kumwona kwa macho mtu aliyetoka huku, waje wamsikilize siku ya sikukuu ya mtakatifu wao, na kwamba amenichagua mimi. Kwa nini mimi? Nadhani kwa sababu nilikuwa siibi dizeli.

Habari ilipofika kijijini ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wetu, Mzee Gervas, hakuzunguka. "Evarist, huko unakokwenda usituletee picha," akasema. "Waambie na sisi tupo. Hatuwaonei wivu wageni, lakini na sisi tuna koo. Kisima kimoja tu, cha pampu, hapo shuleni." Watu wakapiga makofi. Mama yangu, ambaye mikutanoni huwa hasemi, akasema kutoka nyuma walikokaa wanawake, "Na waambie mama yako ana shingo moja tu." Nikaapa mbele ya watu wote kwamba nitarudi na kisima.

Sasa koti. Nilikuwa nalo moja, la kahawia, zito, limekatwa vizuri mabegani, nililipata gulioni Lukole kwa mkimbizi mmoja aliyekuwa amechoshwa na mahindi ya posho, watoto wake wanalilia ndizi. Nikampa mikungu miwili ya shambani kwangu, akanipa koti, tukashikana mikono, kila mtu akaenda zake anafurahi. Kwetu wakati ule hakuna aliyeona ajabu, Jumapili kanisa zima lilikuwa limevaa Ulaya. Nilioa nalo, nilizikia nalo, na safari hiyo nikapanda nalo ndege.

Mji wenyewe, kusema kweli, ni mzuri mpaka unaudhi. Nyumba za mawe zimebanana juu ya kilima, vichochoro vya kupita mtu na punda, chini huko bahari ya buluu imetulia, na vikongwe wamevaa nguo nyeusi wanakaa milangoni kuchambua maharage kama kwetu tu. Katikati ya mji kuna bomba la shaba linatiririka maji usiku na mchana, hakuna anayelifunga, njiwa wanaoga. Nilisimama pale nikalitazama mpaka Marta akaniuliza kama naumwa. Nikala samaki wadogo na vichwa vyao, nikatupia mdomoni tunda jeusi nikijua ni zambarau, kumbe lina chumvi na uchungu, nikalimeza na kokwa kwa adabu. Na joto! Mimi niliyebeba sweta mbili nikijua Ulaya ni barafu.

Asubuhi ya sikukuu, nyumbani kwa kina Marta nilikofikia, nikaamua kupiga pasi shati langu jeupe, moja tu nililokuwa nalo (la safari lilikuwa linanuka, na fulana ya kazini huwezi kuombea kisima). Pasi ya mkaa naijua tangu utoto: unaikandamiza, unaiacha itulie kidogo kwenye kunyanzi, maana yenyewe inaendelea kupoa. Hii ilikuwa ya umeme. Nikaikandamiza mgongoni mwa shati, nikaiacha itulie, nikasogea dirishani kuangalia bahari na kurudia hotuba yangu kwa sauti. Niliposikia harufu, wapi, mgongo mzima una tundu la umbo la pasi, limechongoka juu, na kingo zake nyeusi.

Hapo ndipo ningemwambia Marta, "Dada, nimeunguza shati, niazimie la kaka yako," na leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini nani akaombe shati? Mjumbe wa kijiji, mgeni rasmi, aombe shati! Nikajiambia koti litaficha, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote. Marta akaniangalia. "Evarist, joto kali. Acha koti." Nikamjibu nimezoea. Jasho lilikuwa limeshaanza kunitiririka masikioni.

Baada ya misa wakatandika meza uwanjani, mji mzima ukakaa. Mimi niliwekwa mbele, kati ya padri na mkuu wa mji, Marta nyuma ya bega langu wa kutafsiri. Nikiwa nimesimama kusema neno la kwanza, kikongwe mmoja mwenye gauni jeusi akaja polepole akasimama mbele yangu, anatazama mkono wa koti. Nikamwamkia "Shikamoo mama," kwa mazoea. Hakuitikia. Akashika mkono wa koti akaupapasa, akafungua kifungo cha juu bila kuomba ruhusa, akageuza upande wa ndani, na pale kwenye mfuko palikuwa pameshonwa kwa uzi wa kijani, mishono ya mkono. Akapiga yowe: "Pietro!"

Uwanja mzima tukabaki tunasikia lile bomba tu. Marta akaniinamia. "Anasema hili koti la mume wake. Pietro amekufa. Mfuko aliushona yeye. Alilitoa kwa wakimbizi. Anauliza wewe umelipata vipi."

Mnaelewa nilivyobanwa? Nikisema nimelinunua gulioni, watu hawa waliotoa nguo za marehemu wao watajua wakimbizi wanauza sadaka. Nikinyamaza, mimi ni mwizi niliyewavua wakimbizi, halafu mwizi huyo huyo anaomba kisima. Na Marta ananong'ona, "Usiseme soko, Evarist, tafadhali, usiseme soko." Kikongwe hana habari na mambo hayo, yeye anataka koti la mumewe alishike, analivuta, mimi nalishikilia, yeye analia, mimi nasema "Mama, taratibu mama," vifungo vikaachia kimoja kimoja, na koti likatoka likabaki mikononi mwake. Nikageuka kulifuata, na kugeuka huko ndiko kukawapa mji mzima mgongo wangu.

Watoto wakacheka kwanza. Halafu wakubwa wakawanyamazisha, na ule ukimya uliofuata, jamani, ni heri kicheko. Mwanamke mmoja akajifunika mdomo kwa leso. Nilitamani ardhi inimeze na meza zake.

Ndipo hasira zikanipanda, zile za kwetu za polepole. Nikasema mimi si mwizi. Nikasema koti nimelinunua kwa ndizi za shamba langu, kwa baba mwenye watoto wenye njaa ya ndizi, na kama kuna aliyekosea si yule baba, maana nyinyi wenyewe mngepewa mahindi mwaka mzima mngeuza hata suruali. Nikasema mimi si mkimbizi, nina nyumba, nina shamba, kwetu ni kijiji kilichowapokea wakimbizi na sasa hakina maji, mama yangu anashuka bondeni na ana shingo moja tu, na nimekuja kuwaomba kisima. Nilisema yote. Marta akatafsiri. Mimi nilisema maneno ya kujaza debe, yeye akatoa ya kujaza kikombe.

Lakini watu wakalia! Padri akavua miwani akafuta macho. Kikongwe akaja akanivalisha koti mwenyewe, akanifunga vifungo, akanikumbatia kichwa chake kikiwa kifuani kwangu, na mimi nikambusu mikono. Nikaona kazi imekwisha. Ili kuhakikisha, nikawaonyesha kwa vitendo: nikajitwisha ndoo ya hewani, nikainama kama ninayechota, nikaelekeza mdomoni, "Maji! Maji!" Mkuu wa mji akaitikia kwa kichwa, akaamuru, ikaletwa chupa ya maji baridi. Nikanywa, nikampa padri, padri akashangaa kidogo lakini akapiga funda moja. Basi! Kwetu mkishanywa chombo kimoja maneno yamekwisha, hakuna wa kugeuka. Nikainua chupa juu, uwanja mzima ukapiga makofi, na mimi (hapa ndipo mke wangu alipopaliwa) nikacheza. Nilicheza ngoma ya kwetu, mikono juu kama pembe za ng'ombe, koti nimelivua nikalifunga kiunoni, tundu la shati likionekana kila nikigeuka. Watu wakakimbia majumbani wakarudi na makoti, sweta, viatu vya watoto. Nikajua hiyo ni nyongeza juu ya kisima.

Jioni, kwenye gari la Marta, nikamuuliza fundi wa kuchimba atakuja lini. Tulikuwa tumefika kwenye kona. Akasimamisha gari.

"Evarist, sikutafsiri kisima."

"Ulitafsiri nini?"

"Nilisema wewe ni mkimbizi. Nilisema koti ulipewa kambini, ndiyo nguo yako peke yako. Waliona shati, waliamini." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Wangejua nguo zinauzwa, wangefunga kila kitu. Na dawa. Watoto wangapi wa pale wanaishi kwa dawa za hawa watu?"

Nikamuuliza, "Na watoto wa kwetu?" Akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza. Nataka mnielewe, hakuwa mtu mbaya, hesabu yake naielewa mpaka leo, na ndiyo maana inaniuma zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukalala. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wazima nikawachezea ngoma ya shukrani kwa sababu wamenipa maji ya kunywa. Walikuwa wanamwonea huruma mtu mwenye kiu.

Nikamwambia anirudishe kwa padri nikaseme upya. Akauliza, "Kwa lugha gani?" Tuliondoka kesho yake.

Kijijini walinisubiri shuleni, pale pale palipokuwa pamepimwa mahali pa pampu, watoto walikuwa wameshapazungushia mawe. Mzee Gervas akanikaribisha kwa hotuba. Nikafungua mabegi. Nikatoa makoti, moja baada ya jingine, na sweta, na vile viatu, na sikujua nianzie wapi kueleza, nikawa natoa tu. Watu wakawa wanatazama ndani ya begi kila nikiingiza mkono. Lilipokwisha Mzee Gervas akauliza, kwa upole sana, "Na ile habari yetu?"

Nikasema haikufika.

Mama akaja akachukua koti moja la sufu, akalipima uzito mkononi, akalinusa. "Haya," akasema, "tutayakamua tunywe." Hakuna aliyecheka. Kila mtu akachagua lake akaondoka, maana asubuhi za Mabawe zina baridi na nguo ni nguo.

Kesho yake nikarudi kazini. Nikajaza boza, nikashika barabara ya Lukole, na kwenye ule mlima wetu nikawakuta wanawake wanapanda kutoka bondeni kwa mstari, ndoo vichwani, wamevaa makoti ya Ulaya. Nikapunguza mwendo. Wa mbele wakapisha. Mama yangu hakupisha. Aliendelea kutembea katikati ya barabara, mbele ya gari, kwa mwendo wake ule ule, na mimi nikamfuata nyuma na yale maji yote, gia ya kwanza, sikuthubutu kupiga honi, mpaka alipokata kona ya nyumbani.

Tangu siku ile nimeapa: shida ya watu wangu sitaibeba tena kuipeleka mahali ambako siwezi kuisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeshaitwa mara nyingine, na watu wengine, kwenda miji mizuri. Nimekataa. Na kisima msiniulize, nendeni shuleni mkaangalie, mawe ya watoto bado yapo.