Dhambi Niliyoitunga

Mume wangu, karani wa reli, alipanda gari la moshi kwenda Kabongo wiki ileile vita ilipoikata njia. Hakurudi. Wamama wa kanisa letu hapa Kamina wakaanza kufunga na kuomba kwa ajili yangu, na hilo nawashukuru. Lakini miezi ikapita, waume wa wengine wakarudi kwa miguu, na kila Jumapili wake zao wakasimama kushuhudia jinsi imani yao ilivyowaleta nyumbani. Kila ushuhuda ulinichoma. Yangu ilikuwa imani gani basi?

Ndipo kiongozi wa maombi akaamua kwamba nina kizuizi. Alhamisi moja mchana walinipigisha magoti sebuleni kwangu, wakaniwekea mikono, kila mmoja akikandamiza kwa nguvu zake, na yeye akaniuliza:

“Iko zambi gani unaficha, mama? Ni ile njo inamufungia baba njia.”

Nilitafuta. Kweli nilitafuta, maana ningeipata ningeitoa palepale, mradi arudi. Dhambi zangu za kawaida nilizitaja zote, hawakuridhika nazo. Magoti yaliwaka moto, njaa ya mfungo ikanizungusha kichwa. Basi nikatunga moja. Nikasema namchukia mama mkwe wangu.

Mama mkwe, ambaye tulikuwa tunaishi naye, alikuwa palepale, mkono wake begani mwangu. Wamama wakapiga vigelegele. Yeye akalia, akasema mbele ya wote kwamba amenisamehe, na wakaimba mpaka jirani akaja kuuliza kama mume wangu amefika.

Hakufika. Nilichopata ni mama mkwe asiyenitazama usoni. Nikipika bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, anasema ameshiba. Niliwakasirikia wamama, nikamkasirikia na Mungu: ananidai nini tena? Nikiomba, mdomo ulitoa maneno mazuri ya kanisani huku moyo unagomba.

Siku moja sahani ilirudi tena bila kuguswa, uvumilivu ukaniishia. Nikamfuata uani, alikokuwa anachambua maharagwe.

“Mama, ile yote ilikuwa bongo,” nikakiri uongo wangu. “Sikukuchukia hata siku moya. Magoti ilikuwa inauma, na bale bamama balikuwa banataka zambi.”

Alitupa harage bovu pembeni.

“Miye pia nilisema bongo,” akasema. “Sikukusamehe.”

Ningecheka, kama nisingekuwa na hasira kiasi kile. Nikaketi chini kando yake, na hakuna aliyepiga magoti. Nikamwambia Mungu kwamba nimemdanganya. Kwamba sina imani ya kumlipa, mfungo umenishinda, na hata dhambi niliyompa ilikuwa ya uongo. Kwamba nimechoka naye, ila sina kwingine pa kwenda. Mama mkwe aliomba kwa Kiluba, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kanisani. Alimuuliza Mungu amemweka wapi mwanawe, akamwambia ajibu. Kisha akaangua kilio, na safari hii nililia naye.

Wamama waliposikia, walisema tumeharibu maombi yao yote. Labda. Mume wangu hajarudi mpaka leo, na mpaka leo namgombeza Mungu kwa hilo, waziwazi. Naye hajawahi kuniuliza nimemletea nini.