Vibao Vinne Vilivyokufa

Piano ya misioni ya Baraka ilikuwa na vibao vinne vilivyokufa. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeviharibu. Ukivibonyeza, vinatoa "ko" ya mbao, basi. Mimi, mwalimu wa darasa la pili na mpiga kinanda wa Misa, niliruhusiwa kuigusa kwa saa moja tu kila Jumamosi, sebuleni kwa padri mkuu.

Miaka ile ya hamsini, wakati wa ukoloni, mwalimu hakutoka eneo letu la Fizi bila karatasi ya ruhusa, na yangu ilikuwa mikononi mwa padri. Nilichoka. Nilichukia chaki, nilichukia hata mlima ule ule dirishani. Ndipo tukasikia kwamba padri mmoja anayefundisha muziki Bukavu atatutembelea Pentekoste. Akipenda kazi yangu, ataniombea karatasi nikasome kwake.

Nikatunga vipande sita vifupi vya piano peke yake. Ile "ko" niliifanya ngoma: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unabisha hodi kwenye vibao vilivyokufa. Saa moja haikutosha, kwa hiyo kila jioni nilichora vibao kwa chaki juu ya meza yetu ya kulia, nikafanya mazoezi. Mke wangu, ambaye hakuwahi kukanyaga sebule ya padri, alinicheka.

"Baba ya batoto, wimbo haiko na maneno, batu batajua namna gani unalia nini?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone: kweli, piano ilipona. Yule padri wa Bukavu alipoiona ni mgonjwa, alishinda nayo asubuhi nzima na bisibisi yake, kwa moyo mweupe, bila mimi kujua. Alasiri nikaketi mbele yao. Nilipobisha hodi, vibao vyote vinne vikaitikia kwa sauti kubwa, vikavuruga kila kitu. Vidole havikujua njia nyingine. Katikati ya kipande cha pili nikasimama. Mgeni akanishauri kwa upole nianze na mazoezi ya watoto. Sikujitetea, utamlaumuje mtu kwa kutengeneza kitu?

Jumatatu nilirudi darasani. Jioni, kwa hasira, niligonga meza: kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaacha. Mke wangu alikuwa akichambua majani ya muhogo ya sombe, hakuinua kichwa.

"Na ile wimbo ya ine? Mbona unaiacha? Mi naipenda kupita zingine."

Machozi yakanitoka. Nikaipiga mpaka mwisho.