Fundi Verlin na kutu ya jirani

Saa moja asubuhi, Verlin Stohlmann amepiga magoti katika gereji yake mjini Beatrice, jimbo la Nebraska, Marekani, akisugua tangi la pikipiki kwa pamba ya masikioni. Anailowesha kwa mate, anasugua, anaangalia, anaguna. Pikipiki ni ya chapa ya Indian, ya mwaka 1947, na kutu imeila pembe zote.

"Mikono inaniwasha," anasema. "Nipe siku mbili na bomba la rangi, nikuonyeshe kitu. Lakini nimekatazwa, bwana!"

Aliyemkataza ni mwenye pikipiki, mjane aitwaye Opal Siebert. Sharti lake ni moja: Verlin aamshe injini na kusafisha, ila rangi asiiguse. Akiigusa, pikipiki itavuka barabara kwenda kwa jirani, Lyle Vrbka.

Hapo ndipo penye kidonda.

Verlin, mwenye umri wa miaka 63, ametengeneza pikipiki na skuta za zamani zaidi ya miaka thelathini. Wakusanyaji humletea vyuma chakavu kutoka majimbo ya mbali, vikaondoka vinameremeta. Mwaka mzuri humwachia dola elfu arobaini hivi. Mwaka mbaya, nyumba hula mshahara wa mkewe, Darlene, anayeendesha basi la shule.

Lyle je? Huyo ni dereva mstaafu wa malori ya mahindi.

"Hajui hata kushika brashi!" Verlin anafoka. "Mpe apake rangi banda la kuku, uone kama kuku hawatahama."

Lakini kombe la maonyesho ya skuta za zamani mwaka jana alilibeba Lyle.

Skuta walizoshindanisha, ya Verlin na ya Lyle, ni pacha. Baba zao walizinunua siku moja, duka moja, wakawa wanaongozana nazo kwenda kazini kwenye maghala ya nafaka. Lyle aliporithi ya kwao, aliifuta vumbi akaiacha. Verlin aliipuliza ya kwao kwa mchanga hadi ikabaki chuma kitupu, akaipiga rangi nyekundu ya kujitazamia meno. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Majaji wakamkata alama. Walisema inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani.

"Lyle kashinda kwa uvivu!" anasema, shingo imemvimba. "Mimi nimekesha, yeye kalala, kombe kapewa yeye!"

"Umeanza tena, mzee?" Darlene anaingia na kahawa. "Mwenzio akipita tu unafunga mlango."

"Nafunga kwa sababu ya baridi."

"Baridi ya Julai, na joto lote hili?"

Wiki iliyopita Bi. Opal alikuja kukagua kazi. Ubavuni mwa tangi kuna doa lisilo na rangi, pana kama kiganja. Mama huyo aliinama akaliwekea mkono.

"Hili ni goti la Raymond wangu," alisema. "Alikuwa akilibana hapa akikata kona, mimi huku nyuma napiga mayowe."

Mkono haukuondoka pale kwa muda. Verlin alitoka nje bila kuaga.

Akiulizwa kwa nini alitoka, anaifutafuta mikono ambayo tayari ni safi.

"Skuta ya baba ilikuwa na alama pale pa kukanyagia," anasema. "Visigino vya buti zake vilikula rangi kushoto na kulia, kila siku ya kazi. Mimi mwenyewe nikazipuliza alama hizo kwa mchanga, huku napiga mluzi. Niliona uchafu."

Darlene anageukia dirisha.

"Watu wanasema namwonea Lyle wivu kwa kombe. Kombe ni bati! Yule akimkumbuka baba yake, anakwenda gereji, anaweka miguu yake pale pale alipoweka mzee. Mimi nina rangi nyekundu. Roho inaniuma, sifichi."

Mwisho wa mwezi atamrudishia Bi. Opal pikipiki yake, inanguruma, na kutu yake na doa lake. Baada ya hapo ana mpango mwingine, ambao hata mkewe ndiyo kwanza anausikia.

"Nitamwomba Lyle anipakie kwenye ile skuta yao. Skuta moja ikiharibika, baba alikuwa akimpa baba yake lifti, na baba yake akimpa baba yangu. Kuna siku baba alipanda pale. Kuna alama pale ambayo ni yake."

"Utamwomba Lyle?" Darlene anageuka. "Wewe?"

"Ataringa huyo. Ataringa mpaka Krismasi," anasema Verlin. "Na aringe."