Idhini ya Baraza la Mlimani

Tasnifu niliyoomba kuiandika haikuwa ya kukaa maktabani. Chuo cha ng'ambo kilichonipokea kwa masomo ya posta kilitaka mchungaji achague usharika mmoja wenye tatizo la uongozi, apendekeze kazi atakayoifanya humo kwa mwaka mzima, kisha aeleze jinsi atakavyotambua kama kazi hiyo imebadilisha lolote. Pendekezo lilipaswa kuambatana na fomu ya idhini yenye sahihi za baraza la wazee. Pasipo idhini hapakuwa na mradi, na pasipo mradi hapakuwa na shahada. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, nikifundisha wanafunzi wa uchungaji mjini Iringa, na niliitaka shahada ile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri katika sala zangu.

Sentensi ya kwanza ilinijia upesi, nikaipenda: kwamba usharika huu umekuwa bila kiongozi tangu mwinjilisti wake alipofariki miaka miwili iliyopita. Usharika wenyewe ulikuwa juu ya milima nyuma ya Uyole, upande wa Mbeya, nami sikuwahi kuukanyaga. Niliujua kwa barua tu. Msimamizi wangu wa masomo, mchungaji mstaafu aliyeishi Ipogolo karibu kabisa na barabara kuu, alizisoma kurasa zangu huku malori yakinguruma nje ya dirisha, kisha akanirudishia.

"Nani amekuambia hawana kiongozi?"

"Barua za wilaya, Mwalimu. Mwinjilisti amekufa, na hakuna aliyepelekwa."

"Hizo zimekuambia nani hakupelekwa. Hazikukuambia nani anaongoza." Akavua miwani. "Umewaona?"

"Bado."

"Basi umeandika habari za watu wa karatasi. Nenda. Na ukifika, tanguliza masikio."

Maneno yale ya mwisho hayakunipendeza. Mtu aliyefundisha wenzake kusikiliza kwa miaka kumi hapendi kukumbushwa kwamba ana masikio.

Nilisafiri kwa basi siku nzima, nikalala Uyole. Asubuhi mzee mmoja wa kanisa alishuka kunichukua. Kabla hajanisalimu sawasawa aliitazama miguu yangu.

"Mchungaji, viatu hivyo ni vya kusimamia mimbarini. Huko tuendako vitakuaibisha."

"Vitazoea, Mzee."

"Viatu, ndiyo. Mwenyewe je?" Akacheka peke yake, akachukua mkoba wangu.

Tulipanda kwa saa tatu kati ya mashamba ya pareto na viazi. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, na watu wa huko walikwisha kujenga nyumba mpya, zilizopangwa mstari kando ya barabara ya chini. Kanisa tu ndilo lililobaki juu, mahali pa zamani, pamoja na makaburi na misingi ya nyumba zilizobomolewa. Ukungu ulitukuta tulipoingia eneo lile. Vizingiti vya milango vilikuwa bado vimelala ardhini, na nyuma yake hapakuwa na kuta. Mwenzangu, ambaye njia nzima hakuacha kunitania, alishusha sauti. Kila tulipofika kwenye kizingiti kilichokatwa na njia yetu alisimama, akapiga hodi, akangoja kidogo, ndipo akavuka.

"Kuna mtu?" nilimuuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana nangoja kidogo tu."

Ndani ya kanisa palikuwa na wazee wengine sita juu ya mabenchi mawili, na mbele yao kiti kimoja cha mikono, kitupu. Mzee wangu akaketi kwa wenzake, wakawa saba. Mimi nilikuwa nimelowa, tena nilikuwa nimezoea kupewa kiti kila ninapoingia kanisani. Nikaketi. Hakuna aliyenizuia.

Karani wao, mama wa makamo mwenye daftari la shule magotini, alianza kuita majina. Kila mzee aliitika, "Nipo." Alipomaliza ya saba aliita, kwa sauti ileile, "Mwinjilisti."

Pakawa kimya. Hakuna aliyeinamisha kichwa, hakuna aliyefuta machozi. Kama wangelia ningewaelewa. Walingoja kama anavyongojwa mtu aliye njiani, ambaye hatua zake zimekwisha kusikika. Kalamu ya karani ilisimama juu ya karatasi. Matone yalidondoka kutoka kwenye bati. Zilipita dakika tano, labda kumi, na hakuna aliyekohoa.

Nataka nieleweke. Nilijua wazi kwamba aliyeitwa amekufa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika jambo hilo. Niliona kwamba haya ni maombolezo yaliyopita kiasi, yanayoelekea kwenye ushirikina, na kwamba mwalimu mwema angeyakata kwa upole. Tena basi la Iringa lilikuwa kesho yake.

"Nipo kwa niaba yake," nilisema. "Tuendelee."

Karani akaandika. Mabenchi yalitoa mlio, kwa kuwa wote saba waliegemea nyuma kwa pamoja, kama watu walioutua mzigo. Mzee aliyenileta hakunitazama tena usoni.

"Ulituambia tusilishushe kanisa mpaka utakapotoa neno," alisema aliyekuwa mkubwa wao. "Tumengoja miaka miwili. Tushuke, au tubaki?"

"Mzee, mimi ni mgeni hapa."

"Tushuke, au tubaki?"

Niliifikiria fomu iliyokuwa mkobani. Nilifikiri pia kwamba kanisa lililo karibu na watu ni bora kuliko lililo karibu na makaburi, na bado naamini hivyo. "Shukeni," nilisema, nikavuta pumzi ili nitoe sababu zangu. Zilikuwa tatu, nimezipanga vizuri. Hakuna aliyezingoja. Walikwisha kusimama.

Haikupita saa moja misumari ikaanza kulia juu ya vichwa vyetu. Watu, sijui walioitwa na nani, walitokea katika ukungu na kuyapokea mabati, wawiliwawili, wakashuka nayo. Nimeona ujenzi mwingi katika nyanda hizi, na sijawahi kuona watu wakibeba bati bila nyimbo, bila matusi ya utani, bila mmoja kumwambia mwenzake ainue upande wake. Nilisikia nyayo tu. Karani aliniletea fomu niliyokuwa nimemkabidhi, ikiwa na sahihi saba, na chini yake ameongeza kwa mwandiko safi: Mwinjilisti ameridhia.

Chakula nilikula kijijini, nyumbani kwa mjane wa marehemu. Maharage yake hayakuwa na chumvi hata kidogo.

"Mama, naomba chumvi."

Alisimama na sahani mkononi, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Chumvi? Tangu lini unakula chumvi?"

Yule mzee aliyenileta akaninong'oneza kwamba daktari alimkataza marehemu chumvi mwaka wake wa mwisho. Nilikula chote, nikashukuru.

Niliporudi Ipogolo, msimamizi wangu alizihesabu sahihi kwa kidole. "Wazee ni saba. Huyu wa nane aliyeridhia ni nani?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni desturi yao tu, na fomu ingesafiri salama mpaka ng'ambo. Jibu hilo lilikuwa mdomoni mwangu. Nikamweleza yote, mpaka habari ya chumvi.

"Basi idhini uliiomba wewe, na aliyeitoa ni wewe," alisema. "Na kanisa la watu umelibomoa ili uipate. Rudi, ukaombe ukiwa wewe. Pendekezo linangojwa mwisho wa mwezi."

Nilirudi. Kanisa lilikuwa limesimama kando ya barabara ya chini, chini ya mabati yaleyale. Milango haikuwa imetiwa bado, lakini kiti kilikuwa mbele mahali pake. Safari hii niliketi benchini, bega kwa bega na mzee wa viatu. Kabla majina hayajaitwa nilisimama nikawaambia kwamba neno la kushuka lilikuwa langu, kwamba marehemu hakunituma, kwamba naomba radhi, na kwamba naiomba idhini yao upya kwa jina langu.

Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho. "Mchungaji, tulimzika kwa mikono yetu. Unadhani hatujui kwamba amekufa?"

"Basi mbona, Mzee wangu—"

"Karani, ita majina."

Waliitika saba. Kisha akaita, "Mwinjilisti," na kalamu ikasimama.

Fomu mpya ilikuwa juu ya magoti yangu. Neno moja lilitosha, na neno lenyewe nilikwisha kulisema mara moja bila kudhurika. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama wangenikodolea macho wote. Walitazama mbele. Jua liliingia mlangoni, likatambaa sakafuni, likaufikia mguu wa kiti na kuupita. Wapita njia walishusha sauti walipofika usawa wetu. Mzee aliyekuwa kando yangu alipumua taratibu, kama mtu aliyelala, ila macho yake yalikuwa wazi.

Ilipokaribia adhuhuri nilimwinamia karani. "Mama, kikao kitaendelea saa ngapi?"

"Utakapoketi kitini," alisema, bila kuinua macho kutoka daftarini.

Niliikunja fomu, nikatoka. Hakuna aliyeniaga. Nilipofika kwenye kona ya barabara niligeuka nyuma, na kupitia uwazi wa mlango niliwaona wameketi vilevile. Kutoka Uyole nilikiandikia chuo kwamba usharika haukutoa idhini, na kwamba mwaka ule sina pendekezo.