Chupa Nyuma ya Kiti

Miaka ya hamsini nilikuwa utingo wa lori la mafuta ya taa, tukipeleka madebe madukani kutoka Tanga mpaka Horohoro. Dereva wangu alikuwa Mwislamu wa mjini, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Mimi ni Mlutheri niliyeshuka kutoka milimani, tena mwepesi wa kudhani mabaya.

Ramadhani ile iliangukia Machi, jua likichoma hata kivulini. Mama alinilea akinifunza kwamba heshima si utumwa, basi sikubeba maji. Ningekunywaje mbele ya mtu aliyefunga? Nilikunywa nyumbani asubuhi, kisha nikavumilia mpaka jioni.

Siku moja rejeta ilichemka njiani. Debe letu moja la maji tukalimimina lote humo, injini ikashiba, tukaendelea. Mbele kidogo nikaona dereva hatoki tena jasho, ilhali mimi nimelowa chapachapa. Nikamsemesha, akajibu maneno yasiyoshikana. Akasimamisha gari pembeni, akashuka, akaanguka.

Nilimburuta kwenye kivuli cha lori. Ngozi yake ilikuwa kavu, inaunguza. Pande zote vichaka, hakuna gari linalopita, na shehena yetu yote ni mafuta. Niliogopa, sifichi. Niliona mtu ananifia mikononi.

Nikapanda ndani kutafuta kitambaa cha kumpepea. Nyuma ya kiti chake nikakuta chupa ya maji, imeviringishwa gunia bichi. Hasira zikanipanda. Kumbe mzee huyu anakula mchana, na mimi nakauka koo kwa ajili yake! Hata hivyo nilimmwagia nusu ya maji yale kichwani na kifuani, nikampepea kwa lile gunia mpaka akafumbua macho. Nami na ulimi wangu, nikamsuta papo hapo.

"Kumbe wanywa kwa siri, mzee?"

"Yako hiyo," akasema kwa taabu. "Naiweka kila siku. Jioni naikuta imejaa. Kukwambia naona haya, utadhani nakusimanga."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Nikamwambia anywe, dini yake imempa ruhusa mgonjwa na msafiri, hilo hata mimi nalijua. Akatikisa kichwa.

"Anza wewe."

Nikapiga funda moja mbele yake, la kwanza mwezi ule. Ndipo akaipokea chupa, akasema bismillahi, akanywa.