Lori la Miwa Lililoelea

Nikiwa Mikumi, nilitengeneza gemu ya lori la miwa linalopanda mlima. Ndani ya kompyuta lori lilikuwa umbo lisiloonekana, lenye uzito, nami nikaweka picha juu yake. Lori lilipoinama, picha ilichomoka ikaelea pembeni. Nilibadilisha namba siku tatu, nisielewe kitu.

Shangazi yangu, aliyewahi kupakia miwa kwenye malori huko Kidodi, akachungulia skrini.

"Mbona picha inazungukia kwenye kona yake moja, kama mlango kwenye bawaba? Lori huinama lote."

Nikauhamisha mhimili wa picha, yaani nukta inayozungukia, kutoka konani hadi katikati. Picha ikatulia, lakini umbo lilipoinua pua, picha ikainamisha yake. Nikabahatisha alama ya kutoa mbele ya namba ya pembe ya kuinama. Umbo na picha vikapanda mlima pamoja.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Sijui, shangazi," nikamjibu, na kweli sikujua kwa nini alama ile ilifaa.