Mgonjwa Anayesindikiza Wageni

Kwetu Kasulu mgonjwa akishika fagio, anayelaumiwa ni binti yake. Juzi jirani yetu alimkuta mama anafagia uwanja, akamnyang'anya fagio na kunigeukia.

"Wewe binti, uliacha shule umuuguze mama yako au umtumikishe?"

Mama anatibiwa saratani. Daktari alituambia asishinde amekaa, atembee kidogo kidogo kadiri anavyoweza, la sivyo nguvu zitamwishia kabla ya matibabu. Nilimweleza jirani hivyo, akacheka.

"Yule daktari kijana? Dada, kaa hapa."

Akamkalisha mama mkekani, akamnyoosha miguu, akaketi pembeni kama mlinzi. Wakaja majirani wengine wawili na ndizi zao. Kila mama alipotaka kuinuka, walimrudisha chini. Mimi nilizunguka tu, jikoni na uani, uani na jikoni, maana watu wazima huwezi kuwafukuza.

Walipoaga, mama akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Nawasindikiza."

"Wewe mgonjwa, baki."

"Tangu lini mgeni akatoka kwangu peke yake kama mwizi?"

Wakaenda naye polepole hadi barabarani, wakimsubiri kila aliposimama kupumua. Jirani mwenyewe ndiye aliyemshika mkono.

Mama alirudi anahema, anatabasamu.

"Kesho mwite na wifi yangu," akaniambia. "Kwake ni mbali kidogo."

Basi wasomaji, mkija kumjulia hali, leteni ndizi mkipenda. Ila akitaka kuwasindikiza, msikatae.